Bi Taa na Macho ya Chini

Zama zile samaki walipokuwa bado wakibishiana hodi, mvua ilikatika bara, mito ikakauka, na baharini kome wakaadimika, wakajichimbia ndani kabisa ya mchanga. Njaa ikamkuta Bi Taa na mimba. Alikuwa mpole, hajui kumshuku mtu.

Bi Taa, samaki bapa, aliishi akijitandaza sakafuni mwa bahari kama mkeka. Macho yake yako juu, mdomo uko chini, upande wa tumbo. Tangu azaliwe hakuwahi kukiona anachokula.

Jirani yake, Pweza mjanja, alilijua hilo. Akaja na salamu tamu.

“Dada Taa, unakula bila kuona na mimba hiyo? Utameza jiwe! Mimi nitakuwa macho yako ya chini. Chimbua tu, nami nikisema ‘tafuna’, tafuna.”

“Ahsante, kaka. Mungu akuweke.”

Ikawa Bi Taa akipiga mapezi yake mapana, mchanga hutimka, kome hujitokeza. Pweza hupenyeza mkono, humnyakua, humla yeye mwenyewe. Kisha hutangaza, “Tafuna!” Bi Taa hutafuna maji.

“Kaka, mbona sisikii ladha?”

“Kome wa mwaka huu wameharibiwa na jua.”

“Na tumbo, mbona linanguruma?”

“Linakushukuru.”

Bi Taa akaona haya kubishana na tumbo lenye adabu. Lakini alikonda hata mawimbi yakawa yanamkunja kama kanga, na watoto tumboni wakaacha kucheza. Hofu ikamwingia. “Labda sitafuni vizuri,” akajilaumu, akaapa kutafuna kwa nguvu zake zote.

Siku moja akachimbua kome mnono ajabu. Pweza akamkumbatia kwa pupa, na kabla hajautoa mkono chini ya mdomo wa Bi Taa, ulimi ukamteleza: “Tafuna!”

Bi Taa akatafuna.

“Wee! Acha! Mkono wangu!”

“Mkono gani, kaka? Umesema ‘tafuna’; huyu si kome?”

“Si kome! Kome ninaye mimi!”

Bi Taa akalifikiri neno hilo.

“Kumbe wewe ndiye unayekula,” akasema. “Basi hiki nilichokipata leo sikiachi.”

Akasaga kwa meno yake yavunjayo magamba ya kome, akameza. Pweza akatoroka na mikono saba, akimwaga wino njia nzima. Bi Taa akamla na kome aliyeangushwa, na mwezi haukupita akazaa watoto bapa, wazima wote.

Mla cha mwenzake, na chake huliwa.