Mkungu wa Mama Anaeli

Nguzo haiutui mgomba mkungu. Vijana wa kwaya waliisikia methali hiyo mazikoni, wakaja nayo kwa Bibi Foibe, aliyekuwa akipukuchua maharage barazani. Kwanza Bibi aliwapa na wao maharage ya kupukuchua, maana hakupenda kuwasimulia watu wenye mikono mitupu.

"Methali hii ilianza hivi," akasema.

Huku kwetu mlimani mgomba ukizaa mkungu mkubwa huinama, na upepo ukiukuta hivyo, huanguka nao. Kwa hiyo tunakata mti wenye panda, tunausimika, shingo ya mgomba ikae pandani. Hiyo ndiyo nguzo.

Basi alikuwako mwanamke aitwaye Aikande, Mama Anaeli. Mumewe, Eliapenda, alianguka kutoka juu ya mti akikata majani ya ng'ombe, na tangu siku hiyo miguu haikumtii tena. Aikande alimwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani asitoke vidonda. Aliomba mpaka sauti ikamkauka. Mgonjwa hakuinuka.

Watu nao hawakosi la kusema. Mama Elirehema, kiongozi wa wanawake kanisani, alimwambia, "Dada, Mungu hashindwi. Imani yako ndiyo haba."

Maneno yale yalimchoma kuliko kazi yote. Aliacha kwenda ibadani, akaacha kuomba, akisema Mungu hampendi, na hatimaye akafunga mzigo wa nguo arudi kwa kaka zake. Mgonjwa angebaki na dada yake, mwanamke aliyesahau hata kuku wake nje.

Asubuhi ya kuondoka aliona mgomba wa mbele ya mlango umeelemewa. Mkulima ni mkulima; aliweka mzigo chini, akatafuta nguzo. Mlango ulikuwa wazi, na Eliapenda alikuwa akimtazama kutoka kitandani. Ule mzigo wa nguo alikwisha kuuona.

"Mama Anaeli, hiyo nguzo ya nini?"

"Mgomba usianguke."

"Mbona mkungu umebaki palepale?"

"Baba Anaeli, kazi ya nguzo ni kuushika mgomba mpaka mkungu ukomae. Nguzo haiutui mgomba mkungu. Hata mtoto anajua."

Mumewe akasema, "Na wewe umenishika miaka yote hii, wala hukunitua ugonjwa. Nilisema hunipendi?"

Aikande alibaki ameushikilia ule mti. "Hukusema."

"Basi mbona Mungu unamsema?"

Aikande alilia hapohapo, kwa uchungu na kwa aibu pia. Kisha akaingia ndani, akafungua mzigo, akachemsha maji ya kumwogesha mumewe. Jumapili alikuwa kanisani, benchi la mbele, ubavuni mwa Mama Elirehema.

Eliapenda hakusimama hata siku moja. Mkungu ule ulikomaa ukaliwa, machipukizi ya mgomba yakakua nayo yakazaa, ndipo alipofariki mikononi mwa mkewe. Mazikoni Mama Elirehema alimshika Aikande mkono, akamwambia kwa huruma ya kweli, "Pole, dada. Sasa Mungu amekutua."

"Hakunitua," Aikande akasema. "Alinishika. Nguzo haiutui mgomba mkungu."