Nyumba ya Kumtosha Tembo

Hapo zamani za kale, wanangu, Mwenyezi Mungu alipokuwa hajawafunga wanyama midomo, mji wao ulikuwa juu ya kilima. Lakini haukuwa wa wote. Sheria ya mzee Tembo ilisema: hapa hapajengwi nyumba ambayo Tembo hawezi kujigeuza ndani yake.

Wadogo wangeyaweza wapi majumba hayo? Wakakaa bondeni, na kila masika mto uliwaingilia mpaka vitandani.

Mwaka huo mke wa Digidigi alikuwa mjamzito. Digidigi akatazama mawingu ya masika yakikusanyika. Akawaita Kindi, Nguchiro na Kalunguyeye.

"Mmoja wetu hawezi. Sote je?"

Wakakata miti pamoja, wakaezeka pamoja, jumba likasimama kilimani.

Nyati, mlinzi wa mji, akaja anatweta. "We kijiti! Jumba lote hili utalala pembe ipi?"

"Nafuata sheria, kaka. Niitie mzee apime."

Tembo akaja, gudu! gudu! Akaingia, akajigeuza, hata sikio halikugusa ukuta.

"Lo! Nyumba ndiyo hii! Wallahi, atakayeibomoa atanijibu mimi."

"Ahsante, babu. Kaka Nyati, umesikia?"

"Nimesikia, bwana, nimesikia."

Digidigi akapiga mluzi: fiii! Wenzake wakatoka vichakani na wake zao na watoto, mikeka mabegani. Wakaitundika ndani, jumba moja likawa vyumba vinne.

Nyati akainamisha pembe. "Nabomoa!"

"Thubutu! Mzee ameapa!" Digidigi akamjibu.

"Umenichezea, we mtoto!" Tembo akafoka.

Digidigi akapiga magoti. "Nimekuhadaa, babu, nakiri, Mungu anisamehe. Lakini tazama: hapo ulipojigeuza wewe mara moja tu, familia nne zimeenea."

Mara radi, ngruuu! Mvua ikashuka, mto ukafurika. Nyuma ya mkeka mke wa Digidigi akaguna, "Mama wee, uchungu!" Kule bondeni, vibanda vyao vilikuwa vinaelea.

Tembo akatazama maji.

"Nyati."

"Naam, mzee."

"Katangaze. Kuanzia leo kila mmoja ajenge nyumba ya kumtosha mwenyewe."

"Na sheria yetu?"

"Ilikuwa yangu, haikuwa yetu. Nenda, na utembee polepole, hapa kuna mzazi."

Basi shikeni hili, wanangu: apimaye nyumba za wote kwa mwili wake huwaacha wenzake wakinyeshewa.