Chura Aliyenyamaza na Njegere za Nakijwa

Paukwa!

Pakawa!

Wewe unayechoma muhindi, ugeuze, unaungua. Haya, sogeeni.

Hapo zamani za kale, juu milimani kwenye baridi, alikuwapo mjane aitwaye Nakijwa. Mali yake yote ilikuwa mzinga mmoja wa nyuki na kibuyu cha mbegu za njegere za maua. Njegere hizo hazipikwi, jamani! Kazi yake ni kunukia, na nyuki walizipenda mno.

Mwaka ule kipupwe kilikuwa kikali. Nyuki wakamwambia, "Mama, tunashuka bondeni kutafuta chakula. Vuli ikiisha tutarudi. Tukikuta maua, tunakaa. Tusipoyakuta, tumehama."

Nakijwa akashika tama. Nyuki wakihama, atauza nini, atakula nini?

Akaja Kuku. "Panda, mama, panda! Panda leo shambani!" Nakijwa akapanda konzi ya kwanza. Kulipokucha Kuku alikuwa ameshaichakura yote, hata kutembea hawezi kwa shibe.

Akaja Panya. "Panda, mama, panda! Panda kwenye magamba ya mgomba, uyaache nje ukutani!" Akapanda konzi ya pili. Panya akaila yote, akajifuta masharubu.

Ikabaki konzi moja. Nakijwa akaziloweka mbegu usiku kucha, akazitia kwenye magamba ya mgomba yenye udongo, akayapanga ndani. Mchana aliyatoa yapate jua na upepo, jioni akayarudisha. Majirani wakamcheka, "Nakijwa anaanika watoto!" Yeye akaendelea kuyatoa na kuyarudisha, na miche ikachipua.

Siku moja jua likawaka vizuri, kila mtu akakimbilia shambani kupanda maharage. Akaja Konokono, pole pole. "Panda, mama, panda! Itoe miche leo, jua si hili?"

Nakijwa akashika jembe. Halafu akasimama. "Konokono, kwani wewe unakula nini?"

"Mimi? Aa... vijani tu, mama. Viwili vitatu."

"Toka hapa!"

Kando ya mtungi wa maji Chura akaangua kicheko. Nakijwa akamgeukia. "Na wewe je, unakula nini?"

"Mimi nakula konokono. Njegere zako siziwezi. Ngoja, mama. Baridi bado imo ardhini, mimi naijua, tumbo langu linailalia. Ikitoka, nitaimba."

Nakijwa akangoja. Chura kimya. Maharage ya majirani yalipochipua tu, usiku jalidi, ule umande wa barafu, ikaanguka, yakawa meusi yote. Akangoja tena. Chura kimya. Mvua za kwanza zikapita, Chura kimya! Nakijwa akawaza nyuki wake, lakini miche hakuitoa.

Jioni moja, baada ya mvua kubwa, akasikia: "Kroo! Kroo! Kroo!"

Akajifunika gunia, akatoka mbio na miche yake. Akaipanda kwenye udongo laini, akaisimikia matete ya kutambalia. Chura akakaa chini yake akilinda, na kila konokono aliyesogea alijuta kuzaliwa.

Njegere zikapanda, zikachanua, nyekundu na zambarau, kijiji kizima kikanukia. Vuli ikaisha, na nyuki hawakuonekana. Nakijwa akakaa kizingitini, akitazama bondeni. Mara, vuuu!

"Mama, tumeisikia harufu tangu kule chini. Tumerudi!"

Nakijwa akalia kwa furaha. Akachota kata ya maji, akammwagia Chura taratibu mgongoni.

"Asante kwa kulinda," akasema. "Asante kwa kuimba. Na asante zaidi kwa kunyamaza siku zile mimi nilipotaka uimbe."

Ndiyo maana kule milimani, chura wa vuli akiimba, wanawake humwaga kata ya maji mlangoni kwanza, ndipo watoe miche.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye kata ya maji. Haya, ukateni muhindi huo, mnipe nusu, nami niseme asante.