Ng'ombe wa Kavata

Paukwa!

Pakawa!

Nimesikia sauti mbili tu. Wengine mmeshalala? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Hapo zamani za kale, kwenye nchi ya mawe na miiba, aliishi mwanamke aitwaye Kavata na mumewe, Mutisya. Walikuwa na mbuzi mmoja, kuku mmoja, na ng'ombe mmoja mwekundu. Ng'ombe alitoa samadi, samadi ikalisha mtama, mabua ya mtama yakamlisha ng'ombe. Waliishi hivyo, wakishiba.

Ukaja ukame. Ng'ombe akakonda mpaka mbavu zikahesabika.

Mutisya akasema, "Mke wangu, nampeleka mtoni, mbali. Mvua ya kwanza ikinyesha, nitarudi."

Mvua ya kwanza ikanyesha. Kavata akapanda kilima, akaita, "Mutisya weee!" Kimya. Akaita tena. Kimya. Akaita mara ya tatu, mpaka koo likauma. Kimya.

Akashuka akilia. "Nitapandaje bila samadi?"

Mbuzi akasema, "Mama, yangu ni kidogo, lakini ipo."

Kuku akasema, "Na mimi nitakula wadudu."

Basi Kavata akachimba mashimo ya kushika maji, akatia samadi ya mbuzi, akapanda mtama, na kunde chini yake. Walivuna vikapu vitatu. Havikujaa, lakini hawakulala njaa.

Mvua ya pili ilimleta mbayuwayu. "Kavata, Mutisya anakusalimu. Anasema mto haukauki. Anasema uje, amejenga."

Lo! Moyo ulimruka. Alifunga mzigo hapo hapo, akatoka mbio. Mpakani mwa shamba mbuzi akauliza, "Mama, nani atanikatia majani?" Kuku akauliza, "Mama, nani atanifungia mlango?" Na mtama, uliokuwa umechipua juzi tu, ukauliza kwa sauti ndogo, "Mama, nani atatupalilia?"

Kavata akakaa juu ya mzigo wake. Akakaa, akakaa, jua likamchoma. Kisha akamwambia mbayuwayu, "Mwambie namtamani hata chakula hakipiti. Mwambie pia nimeshapanda."

Mvua ya tatu, asubuhi, akasikia mlio anaoujua. Ng'ombe mwekundu huyo, mnene, kamba inaburutika, ndama nyuma yake!

Kavata akamkumbatia shingo. "Mume wangu yuko wapi?"

"Yuko mtoni," ng'ombe akajibu. "Jibu lako lilipofika hakula siku mbili. Siku ya tatu akanifungua. Akasema, 'Nenda. Shamba lake linakuhitaji kuliko mimi.'"

"Mbona hakuja nawe?"

"Anaogopa ukame, mama. Alizika ndugu zake wawili katika ule wa utotoni mwake. Alisimama kunitazama mpaka nikapinda kilima. Sijui kama bado amesimama."

Kavata alichukua jembe.

Mwaka ule mtama ulifika mabegani. Kunde zilitambaa kila mahali, maziwa yakapatikana, majirani wakaja kuuliza mashimo yanachimbwaje, naye akawaonyesha. Mbayuwayu walipokuwa wanaondoka, Kavata akamwita yule wake, akamwekea mdomoni punje tatu za mtama. "Mpe. Mwambie hizi haziombi mto."

Mnataka kuniuliza kama Mutisya alirudi. Hakurudi mwaka ule. Hakurudi uliofuata. Kavata alizeeka akipanda kilima kila mvua ya kwanza, anaita mara tatu, kisha anashuka kupanda.

Lakini wasafiri waliopita ule mto walimletea habari. Walisema huko kuna mzee anayeishi peke yake. Maji yako mlangoni pake, ila shamba lake liko mbali nayo, juu kwenye mawe. Amechimba mashimo. Amepanda mtama, na kunde chini yake. Na kila mvua ya kwanza husimama hapo, ameelekeza sikio huku kwetu.

Hadithi yangu inakomea hapo. Anayeitaka na aibebe.