Kofia ya Gego la Nakundwa

Tegeni masikio, na kila mmoja ashike mizani yake, kwa maana mwishoni mwa kisa hiki msikilizaji hatapewa hukumu: ataombwa aitoe.

Palikuwa na watu watatu mjini Same, na kila mmoja alikuwa na kipaji. Bibi Nakiete alijaliwa jicho; mbuzi hakuweza kuchechemea ng'ambo ya bonde asimwone. Binti yake, Naelijwa, alijaliwa kumbukumbu; ukimwuliza mvua za mwaka juzi zilianza lini, alikutajia siku, na nguo uliyokuwa umevaa. Mkwizu, tabibu wa meno, alijaliwa mkono. Mtoto alipoanza kuiogopa sindano yake, ilikuwa imekwisha kutoka. Mtu wa nne, Eliapenda, mke wa mwana wa bibi huyo, hakuwa na kipaji kinachotajika. Alikuwa na mtoto wa miaka sita aitwaye Nakundwa, na alikuwa na saini.

Bibi ndiye aliyeanza. Walikuwa wakila makande, naye akaona mjukuu anatafunia upande mmoja, kichwa kimelala begani.

"Hebu fungua mdomo."

"Sitaki, Bibi."

"Basi cheka tu, nione kama wewe ni mzuri kunishinda."

Mtoto akacheka, na katika kicheko hicho bibi akaliona gego la chini, upande wa kulia, limetoboka. "Mama Nakundwa," akasema, "mwanao anashinda njaa nusu mdomo, nawe unamsifu kwamba hali kwa pupa." Tabibu alikiri baadaye kwamba, kwa kadiri anavyojua, kuchelewa miezi michache zaidi kungemwachia koleo la kung'olea peke yake.

Naelijwa, shangazi wa mtoto, alifuata. Siku ya matibabu Nakundwa alipanda kwenye kiti, akabana meno. Tabibu alimbembeleza, mama alimwahidi kanga ya doli, bibi alimtisha, mdomo haukufunguka. Ndipo Naelijwa akakumbuka namna mtoto huyo alivyotulizwa alipotobolewa masikio, akiwa na miaka mitatu.

"Mbuzi wa babu ni wangapi?"

Nakundwa akaonyesha vidole tisa.

"Wa kwanza nani?"

"Kipara," akasema kwa meno yaliyobanwa.

"Sema kwa sauti, mpenzi. Huyu tabibu ni mgeni wa mbuzi wetu."

"Kipaaara!"

Mdomo ukafunguka. Kwa mbuzi wa nne, ganzi ilikuwa imeingia.

Tabibu akamalizia. Aliuondoa uozo, akatia dawa kwenye kiini cha jino kilichokuwa kinavuja damu, akazuia damu, akaliokoa gego ambalo wengine wangeling'oa. Lakini lilibaki na kuta tatu badala ya nne, na jino la namna hiyo, lisipovikwa kofia, hupasuka kwa punje moja ya mahindi. Akaweka kofia mbili kwenye sinia: moja ya chuma, inayong'aa kama sufuria mpya, na moja nyeupe, ya kauri ngumu.

"Mama, hii ya chuma inakunjika, inaukumbatia ukingo wa jino, na jino silipunguzi sana. Kwa kawaida hukaa mpaka gego lenyewe, kwa kuwa ni la utoto, lidondoke, miaka minne au mitano ijayo. Hii nyeupe ni nzuri kuitazama, lakini haikunjiki. Jino ndilo linalochongwa mpaka liienee."

"Chuma cha namna gani?" akauliza shangazi.

"Kisichoshika kutu. Ndani yake mna nikeli, kama katika hereni nyingi za mnadani."

Naelijwa akasimama. Kumbukumbu iliyoufungua mdomo wa mtoto ilikuwa haijaisha. "Wifi, hereni! Umesahau? Kesho yake masikio yalivimba, yakatoa maji, tukazivua na kuzitupa. Mtamtia mtoto kitu hichohicho kinywani, asichoweza kukivua?"

Eliapenda akayatazama masikio ya mtoto. Hakuwa amesahau uvimbe. Alikuwa amesahau hereni.

"Si hereni," bibi akasema polepole. "Ni mimi. Jioni ile nilimpaka utomvu wa mshubiri kwenye matundu, yapone upesi. Sikuwaambia. Yawezekana ni huo uliomchoma."

"Mama! Miaka mitatu unanyamaza?" akasema Naelijwa.

"Mngenikataza kumshika mtoto. Sasa nasema. Na jicho langu limeliona jino hilo: likichongwa tena, halibaki kitu. Avae chuma."

"Unasema hivyo kwa kuwa unajihukumu. Avae nyeupe."

Na yapimwe. Hereni zilivaliwa siku ile, na utomvu ulipakwa siku ile. Shahidi wa hereni anapenda kumbukumbu yake isikosee. Shahidi wa utomvu amebeba hatia ya miaka mitatu. Hakuna aliyesema uongo, na hakuna aliyethibitisha.

Wote wakamgeukia tabibu.

"Nimevalisha za chuma watoto wengi," akasema Mkwizu, "sijaona aliyedhurika. Lakini 'sijaona' si sawa na 'haiwezekani'. Nyeupe nayo, nikichonga nikapita kiasi, itabidi gego ling'olewe, na lile la ukubwani linaloota nyuma yake litasogea kwenye pengo, jino la kulirithi likose nafasi. Mimi ningeziba kwa dawa ya muda, mtoto akapimwe ngozi Moshi kama inaikataa nikeli, arudi baada ya wiki mbili. Kwa ukuta ule mmoja uliokosekana, siwezi kuapa kwamba kizibo hicho kitadumu wiki mbili."

"Na atakubali kurudi?" mama akauliza.

Kitini, Nakundwa alikuwa akiwataja mbuzi kwa ulimi mzito, mara ya tatu sasa, macho yake yakitoka uso mmoja kwenda mwingine.

Eliapenda akampigia mumewe, aliyekuwa kazini mbali. Mumewe akasikiliza yote, akasema, "Mama Nakundwa, wewe ndiye uliye hapo," na mtandao ukakatika, au alikata.

"Bila jicho langu msingekuwa hapa," akasema bibi.

"Bila mimi mdomo usingefunguka," akasema shangazi.

Tabibu hakudai kitu. Alishika tu kipande cha pamba mahali pake, mkono hautikisiki, akaisogeza fomu ya ridhaa kwa kiwiko. Palikuwa na mistari mitatu, chuma, nyeupe, subiri, na chini yake nafasi ya saini moja.

Eliapenda akashika kalamu. Nakundwa akafika kwa mbuzi wa saba, akajigusa usoni.

"Mama," akasema, "shavu linarudi."

Enyi mliosikiliza, jicho liliona, kumbukumbu ilifungua, mkono uliokoa, na ukiondoa mmoja wao hakuna jino la kubishania. Ni nani kati yao aliyestahili kutiiwa? Msijibu kwa haraka ya mtu ambaye mtoto si wake. Kalamu iko mkononi mwako, na ganzi inaisha: ungetia alama mstari upi?