Nishani ya Mume wa Bi Siwatu

Sogeeni, wanangu, mnipe masikio. Bi Siwatu, mjane, alibaki na nishani moja ya vita ya marehemu mumewe. Zimwi moja, mkusanyaji wa sarafu na nishani, likaitaka.

Siku ya kwanza lilileta rupia zinazoimba. Akakataa. Siku ya pili lilileta hela za Mjerumani zinazocheza, likamsimulia habari za kila moja mpaka maharage ya Bi Siwatu yakaungua jikoni. Akakataa. Siku ya tatu likasema, "Leo naichukua kwa nguvu, mama. Kutu yake ya kijani ndiyo uzuri wenyewe."

"Umenichosha," alisema Bi Siwatu. "Haya, lakini kitu cha marehemu hakitoki kwangu kichafu."

Akapiga bismillahi, akaisugua kwa majivu na ndimu mpaka ikang'aa.

Zimwi likashika kichwa. "Mama, umeiharibu. Wakusanyaji wenzangu watanicheka. Siitaki tena."

"Siku tatu unanisumbua, leo huitaki?"

Likaondoka likinung'unika. Bi Siwatu akaigeuza nishani. Ukingoni, kutu ilipokuwa, lilionekana jina la mumewe. Akalisoma polepole, akamwombea rehema.

Ngano naiacha hapo. Mwenye marehemu wake naye amwombee.