Kidole Kilichokunjwa

Haya, nitegeeni masikio. Atakayesinzia, zimwi ni lake!

Zimwi lilimwiba mama yake Mize, msusi hodari, alipokuwa akimsukia bintiye mkeka wa harusi. Mize akalifuata hadi pangoni. Akakuta wanawake watatu, sura moja, sauti moja, wote wakimwita, "Mwanangu!"

"Mchague mama yako," likanguruma zimwi. "Ukikosea, nitawameza nyote wawili!"

Mize akawagawia ukindu. "Nisukieni."

Wa kwanza akasuka, ukili, ule ukanda wa mkeka, ukanyooka. Wa pili akasuka, ukanyooka kuushinda wa kwanza. Wa tatu akasuka, kidole kidogo amekikunja, ukili ukapinda.

Mize akamkumbatia. "Huyu!"

"Huyo anayeboronga?" zimwi likafoka.

"Bibi yangu alikatwa kidole hicho na panga akivuna ukindu. Mama alijifunza kwa kumtazama, akadhani ndivyo watu wasukavyo."

Papo hapo wale wawili wakawa moshi, na zimwi nalo likawa moshi.

Mkeka ulimalizwa, jamani, umependeza na umepinda! Hadi leo mabinti wa ukoo ule mkono wao una vidole vitano, na wanasuka kwa vinne.